Maini yenye madoa, na samadi niliyoiuza kimya

BARUA

Shikamoo mshauri wetu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi upande wa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni. Kazi iliposimama tulinunua nguruwe majike wawili, kwa kuwa makombo ya hotelini alijua pa kuyapata. Sasa nina majike watatu na wadogo kumi na saba waliokwisha kuachishwa kunyonya. Dume sina. Huazima kwa jamaa wa Msabaha, akakaa kwangu siku chache, kisha namrudisha.

Wadogo hawa wanakula kama hawajaona chakula mwaka mzima, lakini hawakui. Matumbo yamevimba, migongo imechongoka, nywele zimesimama. Alfajiri nikiingia bandani nawasikia wakikohoa kikohozi kikavu mpaka mbavu zinacheza. Siku moja mmoja alitoa minyoo mirefu, myeupe yenye wekundu wa mbali, kila mmoja urefu wa kalamu au zaidi. Nilikimbilia dukani nikanunua dawa ya minyoo, nikaichanganya na pumba na chicha kwenye hori moja, wakala wote. Siku tatu zilizofuata minyoo ilitoka kwa wingi, nikamshukuru Mungu. Miezi miwili haijatimia vizuri, imerudi! Mama mkwe akasema niwape mbegu za mapapai na majivu. Nimewapa. Wapi!

Mwezi uliopita nilichinjisha wanne. Mkaguzi wa nyama akatupa maini yote manne, yana madoa meupe kama yaliyorushiwa maziwa. Mnunuzi akanikata pesa, na sasa anaitilia shaka hata nyama yenyewe.

Hayo ningeyavumilia. Lakini nina jirani, Bi mmoja mtu mzima, Mwislamu, ambaye tumeishi naye kwa wema tangu nilipoolewa huku. Mjukuu wake wa miaka mitatu ametoa mnyoo, na Bi amesema mbele za watu kwamba mnyoo ule ni wa nguruwe wangu. Mzee wa mtaa ametuita tukae chini ya mkwaju Jumamosi ijayo, na nasikia hoja ni moja tu: nguruwe waondoke. Juu ya hayo kuna mwendesha boda aliyemwambia kijana wangu wa kazi kwamba nguruwe huleta kifafa. Kijana ana hofu. Yeye ndiye huwafungulia jioni wakazurura chini ya mikorosho mpaka jua litue.

Nisisahau: samadi huirundika nyuma ya banda, na kijana mmoja wa mkokoteni huinunua kwa gunia akawapelekea wanaolima mchicha na sukuma kule bondeni. Hajawahi kuniuliza ni ya mnyama gani, nami sikumwambia. Bi naye hununua mchicha huko huko.

Nifanyeje?

Mama wa Ganda


JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeianzia chini, kwa sababu jambo zito umelitia mwisho ukalitangulizia "nisisahau". Hukusahau. Basi nami naanza na hilo gunia.

Mimi ni mtu wa Lamu, na nyama hiyo siili. Lakini kazi yangu ilikuwa mifugo, na huko Mpeketoni nimewashika nguruwe wengi kuliko ng'ombe, wala hakuna mfugaji aliyeniona nikikunja uso. Kwa hiyo usidhani nakusemea dini. Mambo ya najisi yana wenyewe wa kuyaulizwa. Nakwambia la sokoni tu: unajua wazi kwamba wengi wa wanaokula mchicha ule, wangejua umelishwa nini, wasingeununua. Ukalijua hilo ukanyamaza. Hapo Bi ana haki na wewe kabla hata hatujafika kwenye minyoo.

Tukifika kwenye minyoo, gunia lile ni baya zaidi ya hori, banda na dume la kuazima vikiwekwa pamoja. Nitakueleza kwa nini, ila lazima kwanza umjue mgeni uliyenaye.

Mnyoo uliyemwona ni mnyoo mkubwa wa duara wa nguruwe. Wataalamu humwita Ascaris suum, wazee wetu wangesema chango. Huishi katika utumbo mwembamba, na jike mmoja aliyekomaa hutaga mayai laki mbili na zaidi kwa siku. Kwa siku, mwanangu. Mayai hayo hutoka na kinyesi, na siku yanapotoka hayana nguvu ya kumwambukiza yeyote. Ndani ya yai lazima kwanza kikue kijana cha mnyoo, na hata kwenye joto kama letu huchukua wiki tatu au zaidi. Shika hesabu hiyo, nitairudia.

Yai likishaiva huwa kama punje ya mchanga yenye gundi. Linanata kwenye ziwa la mama, kwenye gambuti, kwenye sepeto, kwenye miguu ya kuku wanaoparura bandani. Gamba lake ni gumu hata dawa za kusafishia sakafu hazilipenyi, na udongoni penye unyevu na kivuli linaweza kungoja miaka. Adui zake ni jua kali, ukavu na maji yanayochemka.

Nguruwe akilimeza, kijana cha mnyoo hutoka, kikatoboa ukuta wa utumbo, kikachukuliwa na damu mpaka ini. Kinapopita katika ini huacha jeraha, na jeraha likipona huacha doa jeupe. Ndiyo yale maziwa yaliyorushwa. Kutoka hapo huenda kwenye mapafu wiki ya kwanza haijaisha sana, na hapo ndipo kikohozi chako cha alfajiri. Nguruwe anakikohoa, anakimeza tena, na safari hii kinabaki tumboni, kinakua, na baada ya wiki sita hadi nane tangu yai limezwe kinaanza kutaga chenyewe.

Sasa rudi kwenye barua yako. Ulinywesha dawa, minyoo ikatoka, na kabla ya miezi miwili ukaiona tena. Dawa yako ilifanya kazi! Iliyorudi haikuwa ile ya zamani. Ni mingine, iliyomezwa wiki ile ile uliyokuwa ukimshukuru Mungu, kutoka sakafuni pale pale, pamoja na ile iliyokuwa bado njiani kwenye ini na mapafu, ambako dawa nyingi haziifikii sawasawa. Na maini ndiyo shahidi wako mkubwa, ingawa yalikutia hasara. Doa la ini hufifia ndani ya wiki chache mnyama asipomeza mayai mapya. Kwa hiyo ini likitoka na madoa machinjioni, maana yake nguruwe yule alikuwa akimeza mayai karibuni tu, mpaka mwezi wa mwisho wa uhai wake. Banda lako ndilo lina minyoo. Nguruwe wanaiokota tu.

Kwa hiyo mbegu za mapapai wape kwa heshima ya mama mkwe, hazitawadhuru, lakini usizitegemee.

Kuhusu dawa yenyewe, ulikosea mahali pawili. Kwanza hori moja. Mwenye nguvu alikula dawa ya watatu, na yule dhaifu aliyeihitaji zaidi alilamba pumba. Watenganishe kwa ukubwa, watatu wanne pamoja, na wapewe wakiwa na njaa. Pili, hukusema umewapima, na najua hukuwapima kwa sababu hakuna apimaye. Huhitaji mizani. Chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima mgongo kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Nguruwe wa mzunguko wa 0.90 na urefu wa 0.95 atakupa kama kilo 53. Ukimkadiria kwa macho ukasema kilo 35, umempa dawa pungufu, na dawa pungufu huwafundisha minyoo kuizoea.

Dawa zinazotumika sana ni fenbendazole na levamisole, na ivermectin ya sindano ambayo pia huua upele. Lakini ukiona kinyesi chepesi chenye kamasi na damu, huenda una pia minyoo ya mjeledi kwenye utumbo mpana, na hiyo ivermectin peke yake haiiwezi vizuri. Ndiyo maana nataka umwite daktari wa mifugo wa wadi yenu apeleke kinyesi kikaangaliwe kwa hadubini. Gharama yake ni ndogo kuliko maini manne. Na kila chupa ina maandishi ya siku za kungoja kabla ya kuchinja. Yasome. Mnunuzi wako akijua unayasoma, ile shaka yake itapungua.

Halafu fagio. Nilikwambia ushike hesabu ya wiki tatu. Kinyesi kinachoondolewa bandani kila siku kinaondoka na mayai ambayo bado hayajaiva. Kazi nyepesi kuliko zote, na ndiyo wengi wanaoidharau. Sijui banda lako lina sakafu gani, hukusema. Nadhani ni udongo, maana wengi huku wanaanzia hapo. Udongo hausafishiki. Kama pesa za saruji hazijapatikana, kwangua udongo wa juu, hamisha boma mahali pakavu panapopigwa na jua la asubuhi, na ziba makuti yanayovuja kabla masika hayajakufika. Saruji ikipatikana iwe na mteremko, isuguliwe kwa sabuni, imwagiwe maji yanayochemka, iachwe ikauke kabisa kabla ya kuingiza wengine. Hayo maji yanayochemka ndiyo yenye kazi. Dawa ya chooni itakupa harufu nzuri tu.

Jike anayekaribia kuzaa mpe dawa kama wiki mbili kabla, na siku ya kumwingiza chumba cha kuzalia mwogeshe kwa sabuni, tumbo na maziwa hasa. Watoto wake wakianza kunyonya, zile chuchu chafu ndizo hori lao la kwanza la mayai. Hili nimewaambia wafugaji wengi wakacheka, kuoga nguruwe! Waliolifanya waliacha kucheka.

Dume wa Msabaha naye ni njia ya mayai kwenda na kurudi. Kubaliana na mwenyewe apewe dawa kabla ya kuja, na akae kwenye chumba chake, si kuchanganywa na wadogo. Kama makubaliano yanashindikana, tafuta dume mwengine. Na makombo ya hoteli yachemshe nusu saa nzima kabla ya kuyamwaga horini. Hilo silisemi kwa ajili ya minyoo. Kuna homa ya nguruwe ya Afrika, inasafiri ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe, haina dawa, na ikiingia bandani utatamani ungekuwa na minyoo tu.

Nije kwa kijana wako na kifafa, maana huyo mwendesha boda kasema nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu.

Kuna mnyoo mwingine kabisa, tegu wa nguruwe. Huyu akiwa mkubwa haishi ndani ya nguruwe, huishi ndani ya utumbo wa mtu. Mtu huyo akienda haja vichakani, mayai ya tegu hubaki pale. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi kile, na mayai yanageuka vifuko vidogo katika nyama yake, vyeupe kama punje za wali. Mkaguzi huvitafuta hata ulimini. Mtu akila nyama hiyo haijaiva vizuri, anapata tegu tumboni. Mpaka hapo hakuna kifafa. Kifafa huja pale mtu anapomeza mayai ya tegu yenyewe, kutoka mikononi mwa mtu mwenye tegu, au kwenye maji au mboga iliyochafuliwa na kinyesi cha mtu. Vifuko vikienda kukaa kwenye ubongo, ndipo mtu huanza kuanguka.

Unaona maana yake? Mtu asiyewahi kuonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua hivyo. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wa New York wanaoshika sana dini yao, watu ambao nguruwe kwao ni haramu kama kwetu, waliopata vifuko hivyo kwenye ubongo. Walifuatilia wakafika kwa wafanyakazi wa nyumbani, na mmoja wao akakutwa na tegu. Nguruwe hakuwa ameingia katika nyumba zile hata kwa picha.

Basi kule kuwafungulia jioni chini ya mikorosho kukome leo. Mikorosho yenu siijui, lakini najua watu wanaolima huko choo kiko mbali. Mpangie kijana kazi yake upya: akate majani awaletee bandani. Chimba choo cha kwako na chake kama hakipo. Naye aende zahanati aeleze anafanya kazi gani; tegu akiwapo ana dawa, na ni dawa ya siku moja. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo silihitaji kulirefusha, wewe ni mama wa wanne.

Sasa Bi na mjukuu wake.

Je, mnyoo wa mtoto yule ni wa nguruwe wako? Kwa macho hakuna anayeweza kusema, wala mimi. Mnyoo wa duara wa watu na wa nguruwe wanafanana mno hata wataalamu wanabishana kama ni jamii mbili au moja. Wa watu nao wapo pwani yetu tangu zamani, na watoto wa shule huku wamekuwa wakipewa dawa ya minyoo darasani kwa mpango wa serikali. Mtoto wa miaka mitatu hajafika shule, huenda dawa ile haijamfikia. Lakini wa nguruwe naye humwingia mtu, hilo halina ubishi, na mayai yake yapo katika samadi mbichi unayoiuza. Kwa hiyo Jumamosi usiende kusema "si wangu". Huwezi kuthibitisha, na gunia litakuumbua siku litakapojulikana, maana kijana wa mkokoteni hana siri.

Nenda kwa Bi kabla ya Jumamosi, asubuhi, peke yako. Mwambie habari ya samadi kwa mdomo wako. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mwambie utakalolifanya: kuanzia leo hakuna gunia linalokwenda bondeni. Samadi iliyopo ikusanye rundo la kimo cha mita moja au zaidi, ichanganye na majani makavu, ifunike kwa nailoni, na kila wiki mbili igeuze ya nje iende ndani. Ikichacha vizuri ndani yake inapita nyuzi 50, hata mkono hauvumilii, na joto hilo likikaa siku kadhaa huua mayai. Iache miezi, isiwe wiki. Hata ikiisha kuiva itie kwenye minazi na miembe yako mwenyewe, si kwenye mboga inayoliwa na majani yake. Wenye mchicha wa bondeni nao wana haki ya kuambiwa. Safari hiyo itakuwa chungu zaidi, lakini ni ile ile moja.

Mtoto apelekwe zahanati, na wewe ujitolee nauli. Usiombe risiti. Na wanao wanne wapewe dawa pia, wao ndio walio karibu na banda kuliko yeyote.

Wazee chini ya mkwaju wakiona banda limehamishwa mbali na mpaka wa Bi, maji yake hayateremkii kisimani kwake, nguruwe hawazururi na samadi haitoki, nadhani watakuwa na la kuzungumza zaidi ya "waondoke". Wakisema waondoke hata hivyo, utakuwa na nguruwe wenye afya wa kuuza, na si kumi na saba wenye matumbo.

Na ukienda kwa Bi, usibebe chakula cha jikoni kwako. Usimpe kazi ya kukataa. Chukua sukari kilo moja, pakiti haijafunguliwa.